Bunduki ya mlinzi wa heshima iwe na risasi?

Asubuhi ya Oktoba 22, 2014, dakika chache kabla ya saa nne, Koplo Nathan Cirillo alikuwa amesimama kwenye Mnara wa Kitaifa wa Kumbukumbu ya Vita mjini Ottawa, Kanada, penye Kaburi la Askari Asiyejulikana. Alikuwa na miaka 24, askari wa akiba wa kikosi cha Argyll and Sutherland Highlanders kutoka Hamilton. Bunduki aliyoshika ilikuwa silaha halisi ya jeshi, lakini ndani yake hamkuwa na risasi hata moja, maana ndivyo utaratibu wa lindo lile ulivyotaka. Mtu mmoja akamjia kwa nyuma na bunduki ya kuwindia, Winchester ya .30-30 inayokokiwa kwa wenzo, akampiga risasi mgongoni. Kisha akaelekea Bungeni, na humo akauawa na walinzi waliokuwa na silaha zenye risasi.

Tangu siku ile swali linarudi kila mahali penye mnara, ikulu au kaburi linalolindwa na askari wa gwaride: kwa nini mtu asimamishwe hadharani na chuma kitupu? Wanaouliza wana uchungu wa haki. Inauma kufikiria kijana amekufa ameshika silaha isiyoweza kumsaidia. Hata hivyo nasema bunduki ile ibaki tupu, na kosa la Ottawa nalitafuta kwingine: mtu asiyeruhusiwa kugeuza shingo aliachwa mahali ambapo mwenye bunduki aliweza kumfikia kwa nyuma hadi karibu kabisa. Magazini iliyojaa, yaani kasha la risasi la bunduki, isingelirekebisha hilo.

Tuanze na kazi yenyewe. Lindo la Ottawa lilianzishwa mwaka 2007. Mwaka mmoja kabla, usiku wa sikukuu ya taifa ya Julai 1, 2006, vijana walipigwa picha wakiukojolea mnara, nchi nzima ikakasirika. Askari wakawekwa pale ili mpita njia akumbuke amesimama mbele ya nini. Arlington nako, Marekani, historia inafanana. Wageni walikuwa wanaligeuza Kaburi la Askari Asiyejulikana kuwa mahali pa kupumzikia na kula, ndipo ukawekwa ulinzi. Askari wa jeshi walianza kulilinda mwaka 1926, na tangu 1937 halijaachwa, usiku wala mchana. Kote huko adui aliyekusudiwa tangu mwanzo alikuwa utovu wa adabu. Huyo hufukuzwa kwa kusimama kwa heshima, na ikibidi kwa sauti kali.

Mlinzi wa kweli, yule wa kulinda watu na mali, anahitaji vitu vitatu: macho yanayozunguka, mikono iliyo huru na ruhusa ya kuhama. Mlinzi wa heshima ananyang'anywa vyote vitatu kwa makusudi, maana utukufu wa kazi yake umo katika kutotikisika. Akiwa mguu sawa macho yako mbele na kidevu kimeinuliwa. Akiwa mguu pande bado hageuki. Akitembea, hatua zake zinahesabika. Arlington ni hatua 21, kisha anageuka na kusimama sekunde 21, kisha anageuka tena na bunduki inahamishiwa bega lililo upande wa watu, ili silaha iwe kati ya umati na kaburi. Ni jambo zuri sana kulitazama. Pia ni jambo ambalo mtu mwenye nia mbaya akikaa robo saa tu analijua lote: sekunde gani askari atampa kisogo, na atampa kisogo kwa muda gani.

Sasa weka risasi kwenye bunduki ya mtu huyo uone kinachobadilika. Walinzi wa Kanada hutumia bunduki ya C7, ndugu wa M16 ya Marekani, yenye magazini ya risasi 30 za milimita 5.56. Magazini iliyojaa huongeza uzito wa nusu kilo hivi, hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba watu husema "imepakiwa" au "haijapakiwa" kana kwamba bunduki ina hali mbili, wakati jeshini hali ni nne. Ya kwanza, hakuna magazini na chemba, tundu la nyuma ya mtutu risasi inamofyatuliwa, ni tupu. Ya pili, magazini ipo lakini imo mkobani kiunoni. Ya tatu, magazini imepachikwa lakini chemba bado tupu, hivyo lazima ukoki kwanza. Ya nne, risasi imo chemba na kinachoizuia ni sefti peke yake. Anayedai askari wa gwaride apewe risasi inabidi aseme ni hali ipi kati ya hizo, kwa sababu kila moja ina bei yake.

Hali ya pili haina maana yoyote kwa mlinzi wa heshima. Atalazimika kuvunja mkao, kushusha bunduki kutoka begani, kufungua mkoba, kupachika, kukoki, kufungua sefti, kulenga. Kwa mikono mitulivu kwenye uwanja wa shabaha ni sekunde kadhaa. Kwa mikono iliyovaa glavu nyeupe za pamba, huku watu wanapiga kelele, ni zaidi. Mwaka 1983 askari polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika jambo ambalo bado linafundishwa: mtu wa kawaida hukimbia futi 21, yaani mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi. Aliyapima hayo kwa kufikiria polisi mwenye bastola kiunoni, iliyo tayari, na aliyekwisha kumwona mshambuliaji. Watalii wanaopiga picha na mlinzi wa heshima husimama mita moja au mbili kutoka kwake.

Hali ya tatu inaokoa sekunde kadhaa, lakini bado inadai askari aone kwanza. Na kuona ndiko hasa alikokatazwa. Kofia ya manyoya ya dubu ya walinzi wa London ina kimo cha sentimita 45 hivi na hukaa chini hadi kwenye nyusi. Kofia nyingine za gwaride zina ukingo wa ngozi unaokata kabisa sehemu ya juu ya macho. Pembeni anaona vivuli tu, nyuma haoni kitu. Kwa hiyo hali inayoweza kumsaidia kweli ni ya nne, risasi chembani, tena kwa shambulio litokalo mbele. Basi tuitazame hiyo ya nne, maana huko kwenye chuma ndiko wengi wanaobishana hawafiki.

Bunduki ya gwaride hutendewa mambo ambayo mwalimu wa shabaha angekufukuza uwanjani ukiyafanya. Kitako hugongwa chini ili kitoe mlio mmoja. Mkono huipiga kwa nguvu ili kofi lisikike. Hurushwa kutoka bega hili hadi lile. Bunduki ndefu ikisimamishwa kando ya mguu, mdomo wa mtutu unatazama juu karibu na kwapa la mwenye nayo; ikipandishwa begani, mtutu uko jirani na sikio; safu ikigeuka, mtutu wa huyu unapita mbele ya uso wa yule. Kanuni ya kwanza ya silaha, usielekeze mtutu kwa usiyetaka kumwua, haiwezekani kutimizwa katika gwaride. Inavunjwa mara mamia kwa siku, na kinachofanya isiue ni kwamba mtutu ni mtupu.

Kuna na jambo la pini. Katika bunduki za M1 Garand, M14 na M16 na jamaa zake kama C7, pini inayogonga fataki ya risasi, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, huelea, haina springi ya kuirudisha nyuma. Kila bolti, chuma kinachosukuma risasi na kuifunga chemba, inapofunga kwa nguvu, pini husogea mbele kidogo na kuigusa fataki. Ukitoa risasi hiyo chembani utaona kidoa kidogo kwenye kitako chake. Mara moja si hatari, fataki za risasi za kijeshi zimefanywa ngumu kwa sababu hiyohiyo. Lakini fikiria lindo la zamu za saa moja moja, ambapo risasi ileile ya juu huingizwa chemba, hutolewa, hurudishwa kwenye magazini, huingizwa tena. Kidoa kinaongezeka. Na kila inaposukumwa, kichwa cha risasi kinagonga njia ya kuingilia na kuzama kidogo kidogo ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua, na shinikizo la siku itakapofyatuliwa linapanda. Vikosi vya polisi vinavyopakia na kupakua kila siku hulijua hili: risasi ikishaingizwa chemba mara chache tu, hutengwa na kupelekwa shabaha. Kikosi cha gwaride kisicho na mazoea hayo kitaitumia risasi moja miezi mitatu.

SKS, bunduki ya Kirusi ambayo Walinzi wa Kikosi cha Kremlin huibeba kwenye Kaburi la Askari Asiyejulikana la Moscow, ina shida yake. Karibu zote zilizotengenezwa baada ya miaka ya mwanzo zina pini isiyo na springi. Grisi ikikauka ndani ya bolti, au uchafu wa dawa za kung'arishia ukiingia, pini hukwama ikiwa imechomoza mbele. Hapo bolti ikifunga tu, bunduki inafyatuka yenyewe bila kidole kugusa kifyatulio, na inaweza kuendelea mpaka risasi ziishe. Sasa tazama bunduki za gwaride zinavyotunzwa: zinapakwa kromiamu, mbao zinapigwa vanishi, chuma kinasuguliwa kila jioni. Ni silaha zinazopendeza nje, na mara nyingi ndani hazijapigwa risasi ya kweli kwa miaka. Vikundi vingine vya maonyesho hulegeza hata pete za mbao ili kofi lisikike zaidi. Kumpa mtu risasi aweke humo ni kumkabidhi kitu ambacho fundi wa ghala la silaha hajakipima kwa kazi hiyo.

Lakini ajali nyingi za silaha kwenye malindo hazitokani na pini. Hutokea wakati wa kupakua. Utaratibu sahihi unafanyika kwenye sanduku la mchanga, mtutu ukiwa umeelekezwa ndani. Unahakikisha sefti imefungwa. Unatoa magazini. Baada ya hapo ndipo unavuta bolti nyuma, risasi ya chembani inaruka nje, unaifunga bolti nyuma, unaangalia chemba kwa macho, na gizani unaingiza kidole kidogo kuipapasa. Msimamizi naye anaangalia. Bolti inaachiwa, na kifyatulio kinabonyezwa mtutu ukiwa bado kwenye mchanga. Kosa linaloua ni moja na ni lilelile kila nchi: askari aliyechoka anavuta bolti kabla ya kutoa magazini. Risasi ya kwanza inaruka, anaiona ikianguka, anaridhika. Bolti ikirudi inazoa ya pili na kuipeleka chemba. Kisha anatoa magazini, anaamini bunduki ni tupu, anabonyeza. Kama mtutu uko kwenye mchanga, ni mlio na aibu na mashtaka. Kama msimamizi alikuwa anaongea na mtu na mtutu umeelekea kwa mwenzake, ni maiti.

Piga hesabu. Walinzi wawili, zamu ya saa moja, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni: ni zamu nane, watu 16 kwa siku. Kila mmoja anapakia mara moja na kupakua mara moja, yaani mara 32 kwa siku mikono inashughulika na risasi ya kweli. Lindo likidumu siku 200 kwa mwaka, ni mara 6,400. Tena mara nyingi ni askari vijana au wa akiba waliochaguliwa kwa urefu na unadhifu, si kwa ustadi wa silaha. Unanunua ajali ya hakika ili kujikinga na shambulio ambalo risasi hizo huenda zisilizuie.

Na risasi ikitoka kihalali, inaenda wapi? Ya 5.56 huacha mtutu kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde, na isipozuiwa husafiri zaidi ya kilomita mbili. Minara na ikulu huwekwa makusudi mahali penye watu: kuna basi la watalii, kuna wanafunzi waliopangwa mstari na mwalimu wao, kuna ukuta wa granite unaorusha vipande. Polisi wa eneo lile anafunzwa kufikiria kilicho nyuma ya anayempiga. Askari wa heshima aliyekuwa ametulia kama sanamu kwa dakika arobaini, damu imetuama miguuni, ghafla anatakiwa aamue ndani ya sekunde moja kama kile anachokiona ni bunduki au tripodi ya kamera. Simlaumu akikosea. Namlaumu aliyempangia hivyo.

Kuna hoja nyingine ambayo haisemwi sana kwa sababu ni nzito kuisema: gwaride huwakusanya viongozi na askari wenye silaha kwa umbali wa mkono. Oktoba 6, 1981, mjini Cairo, wanajeshi walipita mbele ya Rais Anwar Sadat kuadhimisha vita vya 1973. Silaha za gwaride hazikutakiwa kuwa na risasi. Luteni Khalid Islambouli aliingiza risasi na mabomu ya mkono kwa siri na kuwaweka watu wake kwenye lori badala ya askari wake wa kawaida. Lori liliposimama mbele ya jukwaa, wengi walidhani ni sehemu ya maonyesho. Sadat akauawa pamoja na watu wengine kadhaa. Katazo la risasi lilivunjwa siku ile, ni kweli, lakini ona lilichomlazimisha: ilibidi afanye njama ya kuzipenyeza na kuwabadilisha watu. Kama risasi zingekuwa halali kwa kila askari, asingehitaji njama yoyote.

Mfano wa pili ni wa kinyume chake. Julai 30, 1987, mjini Colombo, Waziri Mkuu wa India Rajiv Gandhi alikuwa anakagua gwaride la heshima, siku moja baada ya kutia saini mkataba wa India na Sri Lanka. Baharia mmoja wa Sri Lanka aliyekuwa mstarini, Vijitha Rohana, aliishika bunduki yake kama rungu na kumpiga nayo. Gandhi aliiona kwa pembeni, akainama, pigo likamwangukia begani, akaondoka na maumivu tu. Baharia yule alikuwa ameamua kuua, na silaha ilikuwa mkononi mwake. Alichokosa ni risasi. Kila ninapoisoma hoja ya "wapeni risasi", picha ya mstari ule wa Colombo hunijia kwanza.

Watu hunijibu kwa Louvre. Februari 3, 2017, mjini Paris, mtu mwenye mapanga aliwavamia askari karibu na jumba lile la makumbusho, nao wakamfyatulia risasi akaanguka. Ni kweli, na walifanya kazi nzuri. Lakini wale walikuwa wa Sentinelle, doria ya jeshi la Ufaransa dhidi ya ugaidi: wanne pamoja, wamevaa mavazi ya vita, wanatembea wapendavyo, macho huku na huku, bunduki zimening'inia kifuani mikono ikiwa juu yake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichonacho mlinzi wa kaburi. Na hata askari mwenye risasi hana kinga: Oktoba 7, 2017, mtu alifika kwa gari kwenye lango la kasri la kifalme la Al-Salam mjini Jeddah, akaua walinzi wawili na kujeruhi watatu kabla ya kuuawa. Waliokuwa langoni walikuwa na silaha. Anayeanza kufyatua ana faida ya sekunde za mwanzo, na mlinzi asiyetembea humpa nyingine za bure.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa silaha za heshima. Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais wa Tanzania huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na Mkuu wa Majeshi huweka sime. Hakuna anayedhani mkuki ule umewekwa pale ili kumchoma mtu. Kila aliyepo anaelewa unasema nini kuhusu waliokufa. Bunduki yenye singe mkononi mwa askari wa gwaride inasema lugha hiyohiyo. Ikitakiwa iseme na lugha ya pili, ya kuua, inabidi ipewe mtu mwingine, mwenye mafunzo mengine na mkao mwingine.

Basi kifanyike nini? La kwanza ni umbali, na ndilo la bei nafuu kuliko yote. Walinzi wa Buckingham walihamishiwa ndani ya uzio mwaka 1959 baada ya usumbufu wa watalii, na Desemba 2014, miezi miwili tu baada ya Ottawa, walinzi wengine wa London waliondolewa nje ya malango na kusogezwa ndani, polisi wenye silaha wakiwekwa karibu. Kamba ya mita tatu haizuii risasi, lakini inamzuia mwenye kisu, na inalifanya kundi lisimame mahali linapoweza kutazamwa. Anayevuka kamba amejitambulisha.

La pili ni mlinzi wa mlinzi. Ottawa, lindo liliporejea siku chache baadaye, walinzi walikuwa na polisi wenye silaha kando yao. Hapa pana ufundi, maana watu huweka polisi wawili waliosimama pamoja wakiongea, wakadhani wamemaliza. Wanatakiwa wakae pembe mbili tofauti, kila mmoja aone mgongo wa mlinzi wa heshima na pia amwone mwenzake. Umbali wa mita 10 hadi 15 unatosha: wasiwe karibu mno wakashambuliwa kwa pamoja, wasiwe mbali mno wakashindwa kulenga palipo na watu. Migongo yao iwe ukutani. Bastola ndiyo silaha bora hapo kuliko bunduki ndefu, kwa sababu ya watu. Wasikubali kupigwa picha na wageni. Na zamu yao isibadilishwe wakati mmoja na zamu ya gwaride. Hili hupuuzwa sana. Dakika za kubadilishana lindo ndizo ambazo umati wote, na hata polisi, wanatazama amri na hatua. Ni dakika ambazo yule wa pembeni anapaswa kuwa anatazama umati.

La tatu, kengele. Kibanda cha mlinzi kiwe na kitufe anachoweza kukibonyeza bila kuonekana, kinachomwita msimamizi. Kitufe kijaribiwe kila asubuhi, maana waya unaopitia jiwe lenye unyevu huoza.

Kama kamanda ameamua lazima risasi ziwepo, basi achague hali ya tatu, chemba tupu, na aondoe kabisa mbwembwe za kugonga na kurusha katika zamu hiyo. Sanduku la mchanga liwe mahali pasipopitwa na watu, msimamizi mmoja awe na kazi hiyo tu, na risasi zihesabiwe kwa kuandikwa, kutoka na kurudi. Na risasi za baruti tupu zinazopigwa mazishini zisikae ghala moja wala mkoba mmoja na za kweli. Ya baruti tupu hutambulika kwa ncha yake iliyokunjwa kama nyota, lakini gizani, kwa glavu, vidole hudanganyika. Hata hiyo tupu si mchezo, gesi yake kwa karibu huua: Oktoba 1984 mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alijifyatulia moja kichwani akidhani haina madhara, akafa.

Lililobaki ni la mlinzi mwenyewe, na ndilo linalonigusa zaidi. Apewe ruhusa iliyoandikwa ya kuvunja mkao. Vijana hawa hufundishwa wiki nzima kwamba kutikisika ni aibu, nzi akitua puani avumilie, jua likichoma avumilie. Mafunzo hayo yanaingia ndani sana, kiasi kwamba mlio wa kwanza wa risasi unaweza kumkuta bado anajiuliza kama anaruhusiwa kuinama. Amri ya lindo iseme wazi ni mambo gani matatu au manne yanayofuta gwaride papo hapo: mlio wa risasi, silaha iliyoonekana, gari linalopanda juu ya ukingo, sauti fulani ya msimamizi. Iseme akimbilie nguzo ipi, na mwenzake akimbilie ipi ili wasigongane. Bunduki aiache ianguke ikimchelewesha. Na zoezi hilo lifanyike juu ya mawe yaleyale ya mnara, asubuhi kabla watu hawajafika, akiwa amevaa viatu vilevile vya gwaride vyenye vyuma kwenye soli, kwa sababu kwenye granite iliyolowa vyuma hivyo huteleza, na hatua ya kwanza ya kukimbia ndiyo humwangusha.